Bado Tunacheza Watu Kumi

Mdogo wangu,

Jina lako silitaji. Kwanza mwenyewe unalijua, na pili hii karatasi ya habari za jumuiya yetu ikishatoka hapa London haijulikani itafungiwa nini wala itasomwa na nani. Watu wanaifungia viatu, wanaifungia dawa za wazee, inafika Mombasa, na kutoka Mombasa Mungu ndiye ajuaye. Hilo ndilo ninalolitaka, na hilo ndilo ninaloliogopa. Nataka ikufikie wewe, isimfikie mwengine. Shemeji yako amenikuta nimeshika kalamu baada ya swala ya alasiri akaniuliza, "Unamwandikia mtu au unauandikia ulimwengu?" Nikamwambia anipishe. Akaniwekea chai mezani, akasimama kidogo pale mlangoni, kisha akasema, "Basi mtaa wa mama usiutaje." Sitautaja.

Nitakuita kama tulivyokuwa tukikuita uwanjani, Bwana Kikwajuni, mtaa ambao hujapata kulala hata siku moja.

Unakumbuka lakini siku mliyogawana mitaa? Mlikuwa mmejazana kwenye chumba cha cherehani cha Kapteni kule Queensbury, pembezoni mwa London, kila mmoja na kikombe chake cha chai, koti hajalivua kwa baridi. Kapteni, Mgoa wa watu, mkubwa kuliko nyote, alikuwa keshaiandikisha timu yenu ya kriketi kwenye ligi ya vitongoji, na Waingereza walikuwa wanataka majina ya wachezaji kumi na moja. Mkatazamana. Hapakuwa na hata mmoja ambaye hakuacha mtu nyumbani. Wengi wenu baada ya mapinduzi mliondoka bila ya ruhusa, na anayeondoka bila ya ruhusa, waliobaki ndio wanaoulizwa. Mama, walivyotusimulia waliotoka baada yako, alikuwa akiitwa na watu wa serikali, anakalishwa kwenye benchi kutwa, anaulizwa kijana wako yuko wapi. Jawabu yake ilikuwa moja tu: sijui. Na ili asijue kweli, wewe hukumpelekea hata salamu ya mdomo. Hakujua kama u hai au ulikufia njiani.

Basi mmoja wenu akasema, "Andika mitaa."

"Mitaa gani?" Kapteni akauliza.

"Mitaa ya kwetu. Kila mtu achukue mtaa usiokuwa wake. Mzungu atajuaje?"

Mkaanza kugombania kama mnagawana mirathi. Yule aliyetoa shauri akachukua Malindi. Mwengine akataka Shangani, akaambiwa Shangani ni mtaa wa mabwana, hana miguu ya kuukanyaga, akae Funguni. Mpaka leo mkewe Malindi hatumwiti jina lake la kuzaliwa, ni Bi Malindi tu. Na mwamuzi wa Kiingereza na koti lake jeupe akawa anasema kwa adabu zake zote, "Umerusha vizuri, Bwana Kikwajuni," na nyie mnageuka upande wa pili mnazibana mbavu. Mji mzima wa Unguja umesimama kwenye nyasi za watu, mtaa kwa mtaa.

Sheria ya pili aliiweka Kapteni mwenyewe: hakuna kupigwa picha. Timu nyengine zikijipanga kwa picha, nyie mnakwenda kukusanya vyombo.

Msimu wenyewe ulianza vibaya, nawe ndiye uliyeanza vibaya kuliko wote. Wewe kriketi uliijulia juu ya mkeka wa makumbi, ule unaotandikwa katikati ya uwanja, mpira ukiugusa unakata kona kama mume aliyeitwa na mkewe. Hapa hakuna mkeka. Nyasi mbichi, zimelowa, mpira ukifika chini unateleza unakwenda mbele vile vile, kama vile hukuufundisha kitu. Yule Mwingereza mnene mwenye duka la mikate aliupiga mpira wako mpaka ukaangukia kwenye njia ya treni. Bwana Malindi akakupigia ukelele kutoka mbali: "Kikwajuni, huyo unamrushia au unamwandalia?"

Ulirudi nyumbani hukula. Mie nikakuchemshia tangawizi, ukaishika chupa ile ya chai ya moto kwa mikono miwili, ukasema vidole vyako vimekufa, havisikii mpira. Tokea siku hiyo nikawa nakuja nayo uwanjani, kabla hujarusha unaikumbatia kama mtoto. Na Kapteni akakupa ile siri yake. "Usimrushie mtu," akakwambia. "Watazame wenzako wanaporusha, viatu vyao vinakwaruza ardhi pahala pamoja. Pale pamechubuka, nyasi hazipo, pakavu. Rushia pale. Huo ndio mkeka wako."

Ukarushia pale. Subhanallah. Mpira ukagutuka, ukakata kona, ukaangusha vijiti vya mpigaji, na yeye bado kashikilia gongo lake anaitazama ardhi kana kwamba imemtukana. Mwenye duka la mikate tulipokutana naye mara ya pili alitolewa kabla chai haijachemka.

Mkashinda. Mkashinda tena. Wanawake tukawa tunapika toka asubuhi, sambusa, katlesi, kachori, chatini ya nazi ndani ya chupa ya jamu, tunapanda basi na masufuria tumeyafunga vitambaa. Waingereza wakawa wanaigombania zamu ya kucheza na sisi. Wanakula kwanza, wanashindwa baadaye, wanatushukuru kwa yote mawili. Kila aliyetuona alituona watu wa furaha, na Wallahi tulikuwa na furaha. Lakini wewe unajua furaha ile ilikuwa imekaliaje. Ilikuwa imekalia ncha. Kila mkishinda mlikuwa mnasogea kwenye kombe, na kwenye kombe kuna mtu wa gazeti na kamera yake, na timu inayochukua kombe haiendi kukusanya vyombo.

Siku moja, sasa hivi nakuona ulipokaa, umenitazama nikichambua mchele ukaniambia, "Dada, nikiachia mipira miwili mitatu mibovu, mambo yote yamekwisha. Tunatolewa, tunakwenda zetu nyumbani."

Nikakwambia, "Na wenzako kumi?"

Ukasema, "Na mama mmoja?"

Tukauendea ule mchele sote wawili kama una jawabu yake. Ukaenda kwa Kapteni, naye alikuwa anapinda suruali ya mtu, hakuinua hata kichwa. "Sikumwambia mtu ashinde," akasema. "Lakini wa kushindwa kwa makusudi ndani ya timu yangu hayumo. Kama huwezi kucheza kaa nyumbani, tutacheza watu kumi, nafasi yako hatumpi mtu." Yeye hakuona kuwa maneno yale yatakuja kutukalia.

Aliyetutoa hapo ni Bi Malindi. Alisimama katikati ya jiko langu na mwiko mkononi. "Nyie wanaume akili zenu zote zimemalizikia kwenye mpira. Picha inataka nini? Inataka uso. Mkishinda sisi tunaingia uwanjani na kanga zetu na vigelegele, tunawafunika kichwa mpaka kidevuni kama mabwana harusi wenye haya. Mzungu atasema hiyo ndiyo mila yao."

Watu walicheka siku ile mpaka majirani wakagonga ukuta. Ulicheka na wewe. Tulipobaki wawili ukaniambia, kwa sauti ndogo, "Mie nifunike kwa ya mama."

Ile kanga mie nimeivaa chini ya koti kila siku ya mchezo, toka ulipofika nayo. Uliniambia mwenyewe ulivyoipata. Mama aliinunua doti mpya siku ulipomwambia unaondoka, haijakatwa wala haijapindwa, akaikata mbele yako, akakupa kipande kimoja, kimoja akajifunga. Imeandikwa *Uendako kuna Mungu*. Hakulia. Alisema, "Vipande viwili vya doti moja havipoteani," akakusukuma mlangoni.

Siku ya mwisho ya kombe nimeisimulia mara nyingi, lakini wewe hukupata kuisikia kutoka kwangu, maana ulikuwa ndani yake. Waingereza walikuwa wanahitaji kidogo tu kutupita, na amebaki mpigaji wao wa mwisho, kijana mrefu mwenye madoadoa ya jua usoni. Mpira ukapewa wewe. Ukaikumbatia chupa ya tangawizi. Mie niliinamisha uso, nikawa nasoma Ayatul Kursiyyi, na mwenyewe sijui naombea nini. Nilianza kwa kuomba ushinde. Nikaingiwa na hofu, nikaomba ushindwe. Nikaona haya mbele ya Mwenyezi Mungu, nikasema Ya Rabbi, wewe wajua, basi. Bi Malindi akanipiga kiwiko, "Tazama, wee." Nikatazama. Ulitembea taratibu, ukauachia mpira, nao ukaangukia pale palipochubuka, ukageuka. Nikasikia vijiti vinaanguka.

Tukaingia. Wanawake wa Queensbury na Harrow, makoti wazi, viatu vinazama, vigelegele mpaka mbwa wa watu wakabweka. Nikakufunika. Chini ya kanga nilikusikia unatweta, ukanishika mkono ukasema, "Vuta, dada, masikio yanaonekana." Kamera ikalia.

Wiki ile gazeti la mtaani likaandika kwamba mabingwa wa kwetu huvishwa nguo ya ushindi na dada zao. Tukalipitisha mkono kwa mkono, watu wanalia kwa kucheka. Wanaume kumi na moja, hapana uso hata mmoja. Likafika kwa Bi Malindi. Akacheka. Akalisogeza karibu na dirisha.

"Nyuso hazionekani," akasema.

"Si ndiyo," nikamwambia.

"Maandishi yanasomeka."

Wote tuliokuwamo chumbani tulikuwa tumelipanga jambo lile pamoja, na hapakuwa na aliyekumbuka kwamba kanga ina jina lake. Mzungu ataona nguo. Mtu wa kwetu ataisoma kabla hajaitazama. Na pale mtaani kwetu hakuna asiyeijua *Uendako kuna Mungu* iliyobaki kipande kimoja, kwa kuwa mama aliivaa kila alipoitwa kuulizwa, mpaka ikachuja.

Toka hapo sikulala vizuri. Kombe lilikuwa juu ya kabati la Kapteni linang'ara, na kila nikenda nageuza mgongo nisilione. Tulisema gazeti la mtaani haliwezi kufika mbali. Tukasema hivyo mpaka baridi ikaingia.

Ndipo yule mama kutoka Mombasa, aliyekuja kumuuguza bintiye, akagonga mlango. Alitoa bahasha ya kaki ndani ya mkoba wake akasema amepewa na mtu, aliyepewa na mtu, na hajui zaidi ya maneno aliyoambiwa: "Mpe yule mrusha mpira wa London." Ndani mna kanga. Kipande cha pili. Kimefuliwa, kimekunjwa, kimefukizwa udi. Hamna neno jengine.

Nakumbuka ulivyokinusa. Ulikaa nacho usoni mpaka mama wa watu akaaga na kwenda zake, wala hukumsikia. Kisha tukaanza kuulizana, na tumeulizana mpaka ulipoondoka. Kama mama yu hai basi ametuambia: nimekuona, nimefurahi, vipande vikutane. Lakini aliyekufa pia nguo zake hufuliwa zikafukizwa, wakapewa watu wake. Udi ni wa harusini na udi ni wa msibani. Na lipo la tatu, hilo ulilisema wewe, mie sikuthubutu: pengine aliyeituma si mama wala si jirani. Pengine ni wale waliomkalisha kwenye benchi, wanakwambia tumekujua, njoo. Na wa kumuuliza hatuna. Barua zinafunguliwa. Jirani atakayemjibu mtu wa London ataulizwa yeye.

Wazee wa jumuiya wakaja kwa heshima, wakasema tumsomee mama hitima, kama yu hai haitamdhuru. Ukawajibu, kwa adabu, "Mama yangu simsomei hitima kwa ajili ya nguo." Mmoja akasema, "Na akiwa anaisubiri?" Hilo ndilo lililokuchoma. Nilikuona.

Mie ni mtu wa swala, mdogo wangu, elimu yangu ni ya chuo cha Kurani na ya darasa chache, sijui la kufanya mbele ya jambo kama hili. Kila nikiinua mikono nafika kwenye jina la mama nakwama. Walio hai tunawaombea afya, waliokufa tunawaombea rehema, na mie sijui nimtie kundi gani. Nikawa namwombea yote mawili, la kwanza kwa sauti, la pili moyoni, ili malaika wakichanganyikiwa wachague la kwanza. Ulinisikia siku moja ukaniambia, "Dada, hata dua zetu zimejificha."

Msimu uliofuata ukarudi uwanjani, mpira hukuuweza. Ulikuwa unarushia pale pale palipochubuka na haugeuki. Bwana Malindi hakukutania tena, na hilo likanitisha kuliko mipira yenyewe. Ukaniambia, "Nakwenda kutazama tu. Nafika Mombasa, naulizia, narudi." Ukachukua kipande kilichokuja, ukaniachia kile ulichokuja nacho. Nilikuwa nataka kukushika. Nikakupa tangawizi ya njiani.

Kutoka Mombasa ilifika salamu ya mdomo, umefika salama. Baada ya hapo hakuna.

Basi hali yetu ni hii. Kiangazi kimeingia tena. Kapteni macho yake hayaoni tena tundu la sindano, mkewe ndiye anayemtungia uzi. Wanangu wakiniuliza habari zako wananiuliza kwa Kiingereza, nami nawajibu kwa Kiswahili, tunaelewana hivyo hivyo. Mie niko kule kule kwenye ufuaji wa nguo za hospitali, na kila shuka inayopita mikononi mwangu naikunja nikifikiria nani aliikunja ile kanga. Mikono ilikuwa ya mzee au ya kijana? Nilitakiwa niangalie mikunjo kabla hujaifungua, na ulikuwa umeshaifungua.

Na timu ipo. Mechi zote tumefungwa. Si kwa ubaya, ni kwa sababu tunaingia kumi. Juzi nahodha wa Waingereza, yule mwenye duka la mikate, amekuja kwa upole akamwambia Kapteni ana mpwa wake, kijana mzuri, atuazime acheze na sisi. Kapteni akamshukuru. Akasema, "Mtu wetu yupo njiani." Mwingereza akatazama lango la uwanja, akatazama saa yake, akasema hakuna taabu, watasubiri kidogo. Wakasubiri kweli. Watu ishirini na kitu wamesimama kwenye jua wanaliangalia lango. Na mie na masufuria yangu nikaliangalia vile vile, nikamwona mtu anakuja, nikayaweka masufuria chini. Alikuwa ni mtu na mbwa wake.

Jioni ile kwenye mswala nilifika kwenye jina la mama nikamwombea yote mawili kama kawaida. Nikafika kwenye jina lako. Mdogo wangu, nikakwama. Kwa mara ya kwanza ulimi ulisimama haujui upande, na hofu iliyoniingia sijapata kuijua, hata kwenye habari za mapinduzi, hata siku ya bahasha. Kisha nikakuombea afya. Nikarudia, kwa sauti, shemeji yako akasikia chumba cha pili akaitikia amin. La pili sikulisema moyoni, na sitalisema. Wewe nimekutia upande mmoja tu.

Kwa hiyo sikiliza. Ikikufikia karatasi hii, imefungiwa kitu chochote, usitume salamu kwa mtu atakayempa mtu. Na usitume nguo, tafadhali. Kama mama yu hai, mwache aivae kanga yake. Kama hayupo, kaa naye unapoweza kukaa naye, kisha ondoka. Mie sitaki kipande cha pili kije peke yake tena. Ukija, njoo nacho umekivaa.

Jumapili tunacheza. Tangawizi nitaichemsha. Kapteni ni mtu mzima, ameshawaambia watu upo njiani. Usimfanye mwongo.

Mungu yupo huko uliko,

Dada yako, mwenye kipande cha kwanza